Daftari la Madeni: Duka la Mgeni katika Riwaya Zetu

Riwaya za Kiswahili zilizotoka Zanzibar zina shamba, zina bandari, zina kasri na zina jela. Duka hazina. Wahusika wake hununua sukari na mafuta ya taa kama watu wengine wote, na sukari hiyo lazima ipimwe na mtu fulani kwenye mizani fulani, lakini mwandishi akifika hapo hupita mbio kama mtu anayedaiwa. *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) ya Adam Shafi inatuingiza kwa bwana wa mashamba na watu wanaomtumikia. *Kuli* (1979) inatuteremsha gatini mpaka kwenye mgomo wa 1948. *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed inatufungulia mlango wa mkubwa mwenye mali na siasa. Nilizisoma nikiwa skuli, nikazipenda, na bado nazipenda. Ila kuna mtu mmoja hayumo, au yumo kwa mgongo tu, naye ni yule aliyekaa nyuma ya kaunta.

Nasema haya nikiwa mtoto wa duka. Baba yangu aliuza mchele, unga, chumvi, sabuni na betri za tochi katika kijiji kimoja kaskazini ya Pemba, kwenye kibanda cha bati chenye dirisha la nondo. Ami yangu alivuka bahari akaenda kufungua duka kama hilo hilo Dar es Salaam, kubwa kidogo zaidi. Kwa hiyo nikifungua riwaya, jicho langu hutafuta mizani iko wapi. Mara nyingi silioni hata jiwe lake.

Pemba ni mahali pazuri pa kuulizia jambo hili, kwa sababu kisiwa hiki kimekaa pande zote mbili za kaunta. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka Pemba. Sasa karafuu ina tabia yake. Mwaka mmoja inazaa mpaka watu wa kuchuma hawatoshi, mwaka wa pili inakugomea. Na hata ikizaa, inalipa kwa msimu. Tumbo halingoji msimu. Kati ya vuno moja na jingine mwenye mikarafuu alihitaji mtu wa kumpa mchele leo na kusubiri karafuu kesho, na mtu huyo alikuwa mwenye duka. Katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani alikuwa zaidi Mhindi. Huko mashamba, penye njia panda na mwembe, mara nyingi alikuwa Mmanga.

Huyu Mmanga anastahili sentensi zake mwenyewe, kwa sababu watu wa siku hizi hudhani kila Mwarabu wa zamani alikuwa na kasri. Mmanga alikuwa Mwarabu aliyetoka Omani karibuni, mara nyingi hana kitu, hana jina kubwa. Alikuja na jahazi, akafanya kazi kwa jamaa yake aliyetangulia, akalala juu ya magunia, akadunduliza, akafungua kibanda chake, kisha akamleta ndugu yake naye alale juu ya magunia. Waungwana wa Kiarabu wenye mashamba hawakumhesabu kuwa mwenzao. Wanakijiji nao hawakumhesabu. Lakini kila mtu alikuwemo kwenye daftari lake.

Wakoloni waliliona hilo. Mwaka 1934 Waingereza walipitisha amri za kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisichukuliwe kwa madeni na kusimamisha kwa muda ulipaji wa madeni yenyewe. Mwaka 1937 wakaipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu ukiritimba wa kununua karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na susio hilo likaungwa mkono mpaka na chama cha Congress huko India kabla ya kufikiwa mapatano ya 1938. Yaani kisa cha nani amemkopesha nani mchele, huku kwetu vichakani, kilifika kuzungumzwa ng'ambo ya bahari. Hiyo si riwaya iliyokwisha kujiandika nusu?

Kisha gurudumu likageuka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na khasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuagiza na kugawa chakula kukawa kazi ya Serikali, watu wakajua foleni. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa tena. Ndipo Mpemba, ambaye babu yake alisimama upande wa nje wa kaunta akiomba kibaba cha mchele mpaka karafuu ziive, akaingia upande wa ndani, tena ugenini. Leo mtu wa Dar es Salaam akimtuma mtoto dukani humwambia nenda kwa Mpemba, kama vile kwengine wanavyosema nenda kwa Mangi, hata kama mwenye duka si Mchaga. Kabila limegeuka jina la kazi. Na kabila likishageuka jina la kazi, matusi nayo hayako mbali: Mpemba bahili, Mpemba mjanja, Mpemba hana anachokijua ila hesabu. Maneno hayo hayo nimeyasikia nyumbani Pemba, wakisemwa Wahindi na Wamanga.

Basi turudi kwenye vitabu.

Muuza duka anayejulikana kuliko wote katika riwaya ya Kiswahili, nadhani, ni Bwana Raza wa *Vuta N'kuvute* (1999), ya Adam Shafi tena. Ni Mhindi mwenye umri wa makamo, na ameozwa Yasmin, msichana wa miaka kumi na mitano. Kila aliyesoma kitabu hiki anakumbuka jinsi Yasmin alivyofungika ndani ya ndoa hiyo na jinsi anavyotoka. Adam Shafi anaandika kwa wepesi ambao wengi tunautamani. Sentensi yake inakwenda kama mtu anayejua njia za Mji Mkongwe gizani. Lakini duka katika riwaya hii ni tundu. Kazi yake ni kumfungia ndege ili ndege aruke. Raza anapewa umri, wivu na mali, basi. Riwaya haikai naye dukani muda wa kutosha kujua anamwogopa nani, au kwa nini mtu anayefungua mlango kila alfajiri kwa faida ya senti anaitwa tajiri. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hii kuwa filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, naye alifuata mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za kudai uhuru. Simlaumu. Hadithi ya kukimbia duka ni tamu kuliko hadithi ya kubaki dukani.

Lakini mtu hujiuliza, mbona waandishi waliobaki dukani ni wale walioandika kwa Kiingereza?

Chukua Abdulrazak Gurnah. *Desertion* (2005) inaanza mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mombasa. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda kufungua msikiti na kuadhini, na hapo anamkuta Mzungu aliyechoka taabani. Anampokea kwake, nyuma ya duka. Baba yake Hassanali alikuwa Mhindi, mama mtu wa pwani, kwa hiyo yeye mwenyewe ni wa hapa na si wa hapa, na dada yake Rehana vilevile. Hassanali ni mtu mwenye hofu. Anahofia giza, anahofia wateja, anahofia kuchekwa. Gurnah anaandika hofu hiyo bila kejeli na bila huruma ya kupindukia, mpaka ukaelewa kwamba ni hofu ya kibiashara: mtu anayehitaji kila mmoja hawezi kumuudhi yeyote. Kisha afisa wa Kiingereza anakuja, na jambo la kwanza analowaza ni kwamba mwenye duka amemwibia mgonjwa. Hana ushahidi. Ni mwenye duka, inatosha.

Hapo ndipo riwaya inaposhinda historia nyingi nilizosoma. Inaonyesha kwamba shutuma ya wizi ipo dukani siku zote, kama mchwa, hata kabla ya mtu kuibiwa. Inangoja tu mwenye nguvu wa kuisema.

*Paradise* (1994), ambayo tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili kama *Peponi*, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis na wachapishaji Mkuki na Nyota, inakwenda mbali zaidi. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na mfanyabiashara Aziz. Amefundishwa kumwita kwa jina la ukoo, kumbe si ukoo: baba yake anadaiwa, na mtoto ndiye rehani. Anapelekwa dukani, akutane na Khalil, kijana aliyekwisha kuwekwa rehani kabla yake, na wawili hao wanauza mchana na kulala barazani usiku, nje ya ukuta wa bustani ambayo si yao. Khalil hachoki kumwambia kwamba yule si jamaa yako, mwite Seyyid.

Katika Kiingereza mtoto anasema "Uncle", na neno hilo halikwambii kitu. Kwa Kiswahili mfasiri hana pa kujificha. Ni mjomba au ni ami? Upande wa mama au upande wa baba? Kila neno lina damu ndani yake, na damu hiyo ndiyo uongo ambao riwaya nzima inauchimba. Msomaji wa Pemba akifika hapo hasomi habari ya zamani. Anajua kwamba duka la familia huendeshwa na vijana wanaomwita mwenye duka ami, na kwamba neno hilo hufanya kazi ambayo mshahara ungeifanya.

Niliseme wazi, maana ndilo lililonifanya nikae niandike. Ami yangu alipofungua duka Dar es Salaam alimleta kijana kutoka kwetu, mtoto wa binamu yake. Alikuwa kamaliza darasa la saba. Alilala dukani, kati ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta, kulinda mali na kufungua mapema. Alikula vizuri, sikatai. Alivaa vizuri siku ya Idi. Aliahidiwa kwamba akitulia miaka kadhaa atafunguliwa duka lake, na hiyo ndiyo njia ambayo ami mwenyewe alipitia, ndiyo njia aliyopitia Mmanga kabla yake. Wengine hufunguliwa kweli. Huyu hakufunguliwa. Alikaa miaka tisa, na alipouliza haki yake aliambiwa ahesabu chakula alichokula. Kwenye daftari, chakula chake kilikuwa kimeandikwa.

Sijui riwaya ya Kiswahili yenye kijana huyo. *Peponi* ndiyo iliyo karibu naye kuliko zote, nayo imetufikia kwa kuzunguka Uingereza.

M. G. Vassanji naye yumo. *The Gunny Sack* (1989) inaanza na Dhanji Govindji, Mhindi aliyekuja pwani yetu kupitia Zanzibar na kufungua biashara katika mji mdogo ambao mwandishi ameuita Matamu. Anazaa na mjakazi, Bibi Taratibu. Mtoto wao anapotea, na baba anatumia mali, yake na isiyo yake, kumtafuta. Vizazi vinakwenda mpaka Kulsum, mjane anayeendesha duka Dar es Salaam huku akilea watoto, katika barabara ya Kichwele iliyokuja kuitwa Uhuru. Vassanji ana kasoro zake. Ana wahusika wengi mno, na mara nyingine anahesabu jamaa badala ya kusimulia. Lakini gunia la jina la kitabu ni wazo zuri sana: ukoo mzima umehifadhiwa katika kitu ambacho kila duka linacho na hakuna anayekithamini. Na Kulsum ni mtu hai. Anauza, anapiga, anabana, anasali, anaogopa. Mama yangu hakujua kusoma herufi za kizungu lakini alihifadhi kichwani madeni ya kijiji kizima, na nilipomsoma Kulsum nilijua Vassanji hakubahatisha. Amekaa nyuma ya kaunta kweli.

Nje ya pwani yetu, mtu aliyeandika duka la mhamiaji kwa ukamilifu zaidi ninavyojua mie ni Bernard Malamud wa Marekani, katika *The Assistant* (1957). Morris Bober, Myahudi aliyetoka Urusi, ana duka la vyakula Brooklyn linalomla akiwa hai. Anaamka saa kumi na mbili asubuhi ili auze mkate mmoja wa senti tatu. Kuna tukio dogo mwanzoni kabisa. Mtoto anatumwa na mama yake mlevi aje akope. Morris anakataa, mtoto analia, Morris anatoa. Deni linafika dola 2.03, naye anajua hatalipwa. Lakini mkewe akiliona atagomba, kwa hiyo analiandika 1.61. Tafadhali rudia kulisoma hilo. Mtu anaghushi daftari lake mwenyewe, kwa hasara yake, ili apate amani nyumbani na asionekane ana huruma. Sijawahi kuona tabia ya mtu ikiandikwa kwa tarakimu mbili namna hiyo.

Kila duka la rejareja nililowahi kukaa ndani yake lilikuwa na 1.61 yake. Baba alikuwa na ukurasa wa mwisho, upande wa jalada, wa watu ambao hatawadai. Hakuuonyesha mtu. Siku za njaa ukurasa huo ulijaa haraka. Juu ya ukuta kulikuwa na karatasi imeandikwa kukopa harusi, kulipa matanga, na chini ya karatasi hiyo hiyo akikopesha.

Kwa nini basi riwaya ya Kiswahili haikuingia? Jibu la haraka ni siasa. Waandishi wakubwa wa Zanzibar waliandika baada ya Mapinduzi, na siasa ya wakati ule ilikuwa na orodha ya wanyonyaji: bwana shamba, mkoloni, mfanyabiashara. Bara nako, mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili maduka ya ushirika yachukue nafasi. Muuza duka alikuwa hoja kabla ya kuwa mtu. Katika fasihi ya namna hiyo alihitajika awepo kwa muda wa kutosha tu kuchukiwa.

Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi, na linawaonea kidogo waandishi. Mabwana shamba nao walikuwa kwenye orodha, na bado Adam Shafi alikwenda akakaa kasrini. Nadhani ugumu uko kwengine. Bwana shamba ni rahisi kuandikwa kwa sababu uonevu wake unaonekana: ana ardhi, ana watumishi, ana sauti. Mwenye duka mgeni anaonea na anaonewa katika saa moja, kwa kalamu moja. Ukimwandika kama mnyonyaji, unasahau kwamba analala juu ya magunia na kwamba bila mkopo wake kijiji kisingekula Ramadhani. Ukimwandika kama mnyonge, unasahau mizani iliyochezewa na shamba lililochukuliwa kwa deni ambalo babu hakumbuki kulikopa. Riwaya yetu ya miaka ile ilipenda kujua iko upande wa nani. Dukani hakuna upande, kuna kaunta, na watu hubadilishana nafasi.

Na kutomjua mtu huyu kuna gharama. Ghasia za uchaguzi za Juni 1961 huko Unguja ziliua watu 68, karibu wote Waarabu, na wengi wao walikuwa Wamanga wa mashamba. Hawakuwa watu wa kasri. Watu wa kasri walikuwa na ukuta. Waliofikiwa kirahisi ni wale waliokaa peke yao njia panda, katikati ya wadeni wao, mlango wazi kwa sababu ndiyo kazi ya mlango wa duka. Historia imeandika idadi. Riwaya ndiyo ingeweza kutuambia jambo ambalo idadi haisemi: kwamba aliyekuja usiku alijua mlango unafunguliwa vipi, kwa sababu alituma mtoto wake hapo asubuhi kununua chumvi.

Bado hakuna aliyeandika hilo kwa Kiswahili kwa namna linavyostahili. Tumeandika Mapinduzi kutoka shambani, kutoka bandarini, kutoka jela. *Haini* (2003) ya Adam Shafi imekwenda mpaka ndani ya selo. Sijasoma Mapinduzi kutoka nyuma ya mizani. Na kuna swali ambalo mwandishi wa habari kama mie, nikizunguka vijijini Pemba, nimelisikia likiulizwa na wazee nusu kwa mzaha: wenye maduka walipoondoka, yale madaftari yalikwenda wapi? Mzee mmoja aliniambia yalitiwa moto na watu wakashangilia. Mwengine akasema hapana, lile la kwao lilifichwa na mmoja wa wadeni, akawa analisoma usiku kujua nani alikuwa na aibu gani. Sijali yupi anasema kweli. Nataka riwaya iliyoandikwa na mtu aliyesikia wote wawili na asichague.

Nitasemwa kwamba nadai kila jamii iwe na riwaya yake, kama mgao wa viti. Sivyo. Nadai kitu kimoja cha ufundi. Duka ni mahali ambapo kijiji kizima kinapita kila siku, kila mtu akiwa na shida yake mkononi, na kuna mtu mmoja anayeiandika. Mwandishi gani hataki hilo? Gurnah amelitumia kwa Kiingereza tena na tena. Hata *By the Sea* (2001) ina mtu wa duka katikati yake, ingawa huko bidhaa ni fanicha, na deni lenyewe ni la nyumba. Anarudi dukani kwa sababu anajua kwamba hapo ndipo watu wa pwani walipokutana wakiwa hawapendani na wakiwa hawawezi kuachana.

Nina wasiwasi mmoja na *Peponi*, na si juu ya tafsiri, ambayo nimeisoma kwa raha. Nahofia tutaridhika. Tutasema sasa duka letu lipo, mshindi wa Nobel wa 2021 ametuandikia. Lakini duka la Gurnah ni duka la wakati wa Wajerumani, na Yusuf wake ni mtoto mzuri wa sura anayeota bustani. Kijana wa ami yangu haoti bustani. Anauza vocha, anatuma pesa za watu kwa simu, anajua bei ya kilo ya sukari Mombasa na Dar kwa siku hiyo hiyo, anafunga dakika kumi aende kusali na kurudi akute wateja watatu wananuna. Usiku anazungumza na mama yake Pemba kwa simu na kumwambia kila kitu kiko sawa. Lugha yake ni Kipemba nyumbani, Kiswahili cha Dar kaunta, na hesabu kichwani. Lugha hiyo Gurnah hawezi kuitia kwa Kiingereza, na mfasiri hawezi kuirudisha mahali ambapo haikuwepo. Inahitaji mtu aandike kwa Kiswahili moja kwa moja, tena asione haya kuacha maneno ya kaunta yalivyo.

Na kusema kweli maandishi yenyewe yapo, ila hatuyaiti maandishi. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mie ninalo daftari moja la baba, la jalada gumu, limeliwa na panya pembeni. Wadeni wengi hawana majina. Imeandikwa: wa kisimani, sukari nusu, akichuma. Imeandikwa: mkwe wa yule, mchele kilo mbili, mgeni kaja. Imeandikwa: mwalimu, mafuta ya taa, mwisho wa mwezi, halafu mwisho wa mwezi imekatwa, ikaandikwa mwezi ujao, nayo ikakatwa. Kurasa mbili mbele yupo tena wa kisimani, sukari robo. Mara ya pili hakuandikiwa akichuma. Pameachwa wazi.